Kidole cha Mpima Rojo

Wajawazito sita walikaa kwenye benchi la maabara ya hospitali ya mjini, kila mmoja na chupa yake ya maji ya glukosi mkononi, na watano kati yao walikuwa wamekunja uso. Mmoja wao aliinuka akakimbilia chooni. Wa sita, Nidia Quitián, mkwe wa watu wa kinu cha miwa cha El Guamito, aliinua chupa akaimaliza kwa mikupuo mitatu, akapangusa mdomo kwa kiganja, kisha akamwuliza mtu wa maabara kama huo ndio utamu waliotishwa nao wiki nzima.

"Kwetu hii tungeirudisha jikoni ikaive," alisema. Wenzake walicheka, hata yule aliyekuwa anatoka chooni.

Alikuwa na haki ya kujigamba. Sisi wa milima hii ya miwa hulambishwa panela kabla hatujaota meno. Tunakamua muwa, tunachemsha maji yake mpaka yanakuwa rojo, rojo tunalimimina kwenye vibao vilivyochongwa vishimo likagande kuwa tofali la kahawia, na tofali hilo ndilo linalotusomesha, kutuoza na kutuzika. Watu wa mbali huliita sukari guru. Kwetu ukiiita panela sukari umetukana nyumba nzima, na utaondoka bila kukaribishwa kahawa.

Nidia alitobolewa kidole mara tatu asubuhi ile: kabla ya kunywa, baada ya saa moja, na baada ya saa mbili. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, ya miezi sita na nusu. Mchana akaitwa na daktari, kijana wa mji mkuu, Bogotá, aliyeletwa kutumikia mwaka wake wa lazima, ambaye hakufunga mlango na wala hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Una kisukari cha ujauzito," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Nidia hakuhitaji kugeuka kujua kwamba wale watano waliocheka naye walikuwa wanamtazama mgongo. Alisikia masikio yanawaka. Daktari aliendelea: mtoto anaweza kunenepa kupita njia ya kuzaliwa, anaweza kuzaliwa sukari ikamshuka ghafla, na hali ikiachwa vibaya anaweza kufia tumboni. Aache sukari, apunguze kabohaidreti, atembee, apime mara nne kwa siku kwa mashine atakayopewa, aandike kila namba kwenye daftari. Zahanati ya kijijini itamkagua baada ya wiki mbili. Namba zikikataa kushuka atapelekwa hospitali kubwa ya Bucaramanga alazwe na kuchomwa insulini.

Akamwuliza kama ana swali. Alikuwa nalo: kabohaidreti ni nini. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kuuliza mbele ya wale wanawake kulimshinda. Akasema hana.

&nbsp;

Nyumbani alilisema jambo lile huku anamenya mihogo, ili asiwatazame usoni. Mumewe, Ferney, aliacha kunawa mikono. Mama mkwe wake, doña Ubaldina, aliendelea kupuliza moto.

Inabidi niseme kidogo kuhusu bibi huyu, doña Ubaldina, maana asiyemjua huyu haijui El Guamito. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na tisa, na ndiye aliyekuwa mpima rojo wa kinu. Kazi ya mpima rojo ni kusema limeiva au bado. Anachovya vidole kwenye maji baridi, anaviingiza kwenye rojo linalotokota, anavirudisha kwenye maji, kisha anasikiliza kwa ncha za vidole kama kile alichokitoa kinavunjika au kinavutika. Akisema mapema, panela inabaki laini kama udongo. Akichelewa, inaungua, na kazi ya siku nzima inakwenda kwa nguruwe. Hakuwahi kukosea. Mwaka huu hata maji baridi alikuwa ameacha kuyagusa, anaingiza vidole vikavu kwenye moto ule na uso haubadiliki, na wafanyakazi walikuwa wanasimulia habari hiyo mpaka vinu vya ng'ambo ya mto.

"Daktari kasema niache sukari," alisema Nidia.

"Kasema vema." Doña Ubaldina aliinuka akichechemea, maana alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu tangu Pasaka, anakifunga kwa kitambaa na panela iliyokunwa, na kidonda hakikuwa na haraka ya kupona. Akateremsha kopo la sukari nyeupe iliyowekwa kwa ajili ya wageni wa mjini, akatoka nalo, akawamwagia kuku. "Hii ndiyo inayoua watu. Kiwandani wanaitia madawa mpaka inakuwa nyeupe kama chokaa. Kuanzia leo ni panela tu, mwanangu. Panela haijamwua mtu."

"Kasema na kabohaidreti pia."

Walitazamana. Ferney alikisia kwamba ni mbolea, ile ya mfuko wa bluu. Nidia akaona aibu kwa ajili yake, kisha akaona aibu kwamba yeye mwenyewe hakuwa na jibu bora. Wakaliacha hapo.

Asubuhi iliyofuata alitoboa kidole kabla ya kula. Mashine ikasema tisini na saba. Akanywa kikombe cha maji ya moto ya panela na vipande vya jibini ndani, kama wajawazito wote wa nyumba ile walivyonyweshwa, akala mkate wa mahindi, na saa moja baadaye akapima tena. Mia na sitini na nane. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nesi alikuwa amechora mstari mwekundu: tisini na tano kabla ya kula, mia na arobaini baada ya kula, isizidi.

Alikaa kitandani na kalamu mkononi. Sukari aliiacha, kuku walikuwa mashahidi. Kama aliiacha na bado namba zinapanda, basi ubaya haukuwa kwenye chakula, ulikuwa kwenye damu yake mwenyewe, na ndio huo alioleta kwenye nyumba ya watu. Aliandika themanini na nane. Chini yake akaandika mia na thelathini na moja. Mwandiko ulikuwa mzuri, ule wa mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu.

Kesho yake ikawa rahisi zaidi. Mashine akaificha juu ya kabati, ndani ya kopo la biskuti lenye nguo za mtoto, na badala ya mara nne akawa anapima mara mbili, kwa sababu namba asizoziona hakuwa na haja ya kuzidanganyia.

&nbsp;

Wiki ya kusaga miwa habari hazikai. Ferney alimwambia mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa Crisanto, mtu wa tanuri, ambaye hana kitu kingine cha kufanya huko chini zaidi ya kusukuma makapi ya miwa motoni na kutafuta la kusema. Nidia alipoleta chakula cha mchana kinuni, Crisanto alimpisha njia kwa heshima nyingi mno.

"Ferney, usimlaze huyu karibu na ukuta," alisema. "Wale sisimizi wa makalio makubwa tunaowakaanga, mwaka huu watalipiza kisasi. Watamla yeye."

Wanaume walicheka. Nidia aliweka sufuria chini. Angeweza kulivumilia la Crisanto, lakini alipoinua macho aliona na mumewe anacheka. Alirudi nyumbani bila kusubiri vyombo.

Jioni alimwuliza.

"Nilichekaje?" Ferney alisema. "Nilitoa meno tu. Ulitaka nifanye nini, nigombane na mtu wa tanuri siku ya kazi?"

"Ulicheka."

Ferney alivua viatu polepole, kimoja, halafu cha pili. Alikuwa mwanamume mzuri mwenye woga, na wapo wengi. "Nyumba nzima inaishi kwa panela," alisema mwishowe. "Wanunuzi wakisikia kwamba wenye kinu wana sukari kwenye damu, watasema nini? Mama anaona aibu. Hasemi, ila najua. Hizo namba zako zinakwendaje?"

"Vizuri."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha daftari. Ferney alipitisha kidole chake kilichojaa malengelenge kwenye zile themanini na nane na themanini na sita, uso ukamlegea kwa faraja, akambusu kichwani. Nidia alihisi busu lile mpaka asubuhi, na hakuhisi raha.

Siku ya tisa aligundua kitu kingine. Vijikaratasi vya mashine, vile vya kuwekea tone la damu, vilikuja hamsini, na zahanati haina vingine mpaka mwezi ujao. Kwa alivyovitumia vilipaswa kubaki thelathini na viwili. Vilikuwa ishirini na vinne. Alihesabu mara tatu juu ya kitanda. Akatafuta kati ya nguo za mtoto, chini ya kabati, mfukoni mwa aproni. Mwisho akajilaumu: mtu aliyekuwa akiandika uongo kila asubuhi, sikio likiwa mlangoni, hakosi kuangusha vitu. Hakumwambia mtu. Angesemaje kwamba vimepotea wakati kwenye daftari vilikuwa vimetumika vingi zaidi ya hivyo?

&nbsp;

Nesi Leonor huwakusanya wajawazito wa kijiji kila Alhamisi ya pili, kwenye ukumbi mdogo wa zahanati wenye viti vya plastiki. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti inayovuka mto, na hana hila. Alilifungua daftari la Nidia, akaliangalia, akaligeuza, kisha akaliinua juu kama padri anavyoinua Injili.

"Tazameni hapa," alisema. "Wiki mbili, hakuna namba hata moja iliyovuka mstari. Mnaniambia haiwezekani, mnaniambia mimba inataka keki. Nidia, simama utuambie wenzako unakula nini."

Nidia alisema mgongo unamuuma. Leonor akasema basi aseme amekaa. Macho kumi yalimgeukia, na wawili kati ya wenye macho hayo walikuwa wale wa benchi la maabara.

"Nimeacha sukari," alisema Nidia, akiangalia magoti yake. "Nimeiacha kabisa, hata ya kwenye kahawa. Nakunywa panela tu."

Wanawake walitikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akauliza vikombe vingapi kwa siku, mwingine akataka kujua kama ni ya moto au ya ndimu. Leonor peke yake hakutikisa kichwa. Alilishusha daftari taratibu.

"Mabinti," alisema, "nani kawaambia panela si sukari?"

Hakuna aliyewahi kuambiwa. Lilikuwa jambo la kujulikana tu, kama upande linakochomoza jua. Leonor akawaeleza kwamba mwili hauulizi rangi. Ya kahawia na nyeupe zinaingia kwenye damu kwa mlango mmoja, na maji ya muwa nayo, na mkate wa mahindi, mihogo, wali na ndizi vinaishia hukohuko, polepole kidogo tu. Hiyo ndiyo kabohaidreti.

"Nesi," alisema mke wa mchuuzi mmoja wa panela, kwa adabu, "punguza sauti. Dirisha liko wazi."

Nidia hakusikia mengine. Alikuwa anahesabu vikombe: cha alfajiri, cha saa nne, bakuli la maji ya muwa kinuni, kile cha kulalia. Wiki mbili. Alikuwa amemnywesha mtoto wake kile kitu kwa mikono yake miwili, na bado akaandika themanini na nane.

Wenzake walipoondoka Leonor alimwambia abaki. Akafunga mlango, jambo ambalo Nidia alilishukuru, na akanyosha mkono apewe mashine.

"Mtu anayekunywa panela hivyo hawezi kuwa na daftari hili," alisema. "Hii mashine inakumbuka, mwanangu. Kila ulipopima, siku na saa, imehifadhi humu."

Akabonyeza. Zikaja, moja baada ya nyingine, na Leonor akazisoma kwa sauti ya chini: mia na sitini na nane, tisini na tisa, mia na sabini na tano. Nidia alifunika uso. Ingekuwa nafuu kwake kama angevuliwa nguo. Kisha Leonor akabonyeza tena, akasogeza mashine karibu na macho.

"Mia mbili themanini na saba," alisema. "Mia tatu na moja. Mia mbili tisini na nne. Nidia, hizi ni nini?"

"Hizo si zangu."

"Jumanne saa nne asubuhi. Jumatano saa tisa. Jumamosi saa nne."

"Jumanne saa nne nilikuwa mtoni nafua. Si zangu, nesi, naapa."

Leonor aliiweka mashine mezani. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hizi za daftari uliapa kwa mwandiko kwamba ni zako," alisema. "Sasa nikuamini lini?"

Alimpima palepale, ikawa mia na arobaini na tisa. Akasema hiyo haimtulizi, sukari inapanda na kushuka, na mwenye mimba anayefika mia tatu hatoki machoni pake. Kesho asubuhi aje na begi, hajala kitu, gari la wagonjwa litampeleka Bucaramanga. Atalazwa mpaka watakapojua wanashughulika na nini, pengine mpaka azae.

Nidia alisema sawa. Alikuwa ameshajua. Jumanne alipokuwa mtoni, nyumbani alibaki mtu mmoja tu.

&nbsp;

Alipitia kinuni kwa sababu Ferney alikuwa huko na alitaka kulimaliza mara moja. Ilikuwa saa kumi alasiri, sufuria ya mwisho inatokota, povu limepanda rangi ya udongo mwekundu. Crisanto alikuwa tanurini, wanaume wawili wanapangusa vibao, na doña Ubaldina amesimama mahali pake, mikono ya blauzi imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Wote walikuwa wanamngoja yeye aseme.

"Kesho nalazwa Bucaramanga," alisema Nidia.

Ferney aliangusha reki. Alimwuliza kwa nini, namba si zilikuwa nzuri? Nidia angeweza kumvuta pembeni. Lakini alikuwa amechoka kuficha vitu makoponi, na akaona kwamba akienda pembeni ataanza kudanganya tena.

"Namba niliandika za uongo," alisema. "Zote. Kila siku. Nesi amezisoma za kweli kwenye mashine."

"Na mimi nikaziona," alisema Ferney. "Nikakubusu." Alisema hivyo mbele ya wanaume, na Crisanto, Mungu amjalie, akainama kwenye makapi yake kama hakusikia. "Za kweli zilikuwa ngapi?"

"Mia na sitini na nane. Mia na sabini na tano." Nidia aliutazama moto wa tanuri. "Mia tatu na moja."

Hakumtazama mama mkwe wake. Sijui kama ilikuwa heshima au woga, na yeye mwenyewe hakujua. Kumtaja mpima rojo wa El Guamito mbele ya rojo lake kulikuwa kitu asichoweza, hata kama yeye ndiye angelala hospitalini miezi miwili kwa ajili ya damu isiyo yake.

Doña Ubaldina aliingiza vidole kwenye sufuria. Havikugusa maji kwanza. Alivitoa, akavisugua, akaviangalia, akaviingiza tena. Wanaume walisubiri. Akaviingiza mara ya tatu. Povu lilishuka, likawa jeusi pembeni, na harufu ikapanda, ile ambayo kwetu hata mtoto wa miaka minne anaijua. Crisanto ndiye aliyethubutu.

"Doña Ubaldina, linaungua."

Walikimbilia kuliteremsha, lakini lilikuwa limekwisha. Kazi ya tangu asubuhi ilikuwa pale, nyeusi, inanuka uchungu. Katika miaka ishirini na nane hakuna aliyewahi kuona jambo hilo likitokea mbele yake, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mwanamke yule alisimama na mkono umeinuliwa, vidole vimepakwa rojo, na juu ya vidole viwili ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge meupe. Hakuwa anayaangalia.

"Ya mia tatu na moja ni yangu," alisema.

"Mama," alisema Ferney.

"Nyamaza. Ni yangu, na zile nyingine kubwa. Nilikuwa napanda kwenye kiti nateremsha kopo akienda mtoni." Alizungumza akiitazama sufuria. "Nina kiu tangu Krismasi. Kidonda hakifungi. Nikasema nijaribu mara moja tu, nicheke. Nikaona ile namba nikasema mashine mbovu. Nikajaribu tena. Nikamwona huyu msichana anaandika, nikachungulia daftari, themanini na nane, nikasema kumbe mashine ni nzima, mbovu ni mimi. Na kila asubuhi nikamkorogea panela nikimwambia ni dawa. Ningesema nini? Niseme mimi, mpima rojo?"

Nidia alifikiria namba zake za uongo, zile alizoziandika ili asiaibike, jinsi zilivyomfanya mwingine aibike peke yake kwenye chumba kilekile. Akasogea, akachukua ndoo ya maji baridi, akauchovya humo mkono wa mama mkwe wake.

&nbsp;

Asubuhi walishuka wote watatu hadi zahanati. Doña Ubaldina alivaa nguo ya kanisani. Jana yake usiku walikula kuku, mboga za majani na kipande cha jibini, na kahawa bila kitu, ambayo Ferney alisema ina ladha ya msumari, na mama yake akamwambia anywe anyamaze.

Leonor alimpima Nidia kwanza. Tisini na tatu. Nidia akasimulia yote kwa mpangilio, bila kujipunguzia, na alipofika kwenye zile namba kubwa alinyamaza ili mwenyewe aziseme, naye akazisema. Leonor akapiga simu gari la wagonjwa lisije.

"Nakupa wiki moja, na vijikaratasi vya akiba yangu," alimwambia Nidia. "Mara nne kwa siku, na jioni Ferney aniletee mashine niisome mwenyewe, daftari lako silitaki. Zikikataa, insulini, na insulini si aibu. Mtoto hajali unaonekanaje."

Akamwekea kifaa tumboni, mapigo yakasikika, ya haraka na makavu. Ferney alivua kofia. Nidia alilia kidogo, na aliona haya kulia, lakini hakujizuia.

Kisha ikawa zamu ya doña Ubaldina. Alikaa kwenye kiti, akanyosha mkono mbele kama anavyounyosha juu ya sufuria, kidole cha shahada kimetangulia, akageuza uso ukutani. Tangu jana alikuwa amesema atatobolewa mbele ya watu na hatakunja uso. Leonor alikifuta kidole kwa pamba, akakiangalia, akayaangalia na yale malengelenge ya pembeni, akachukua sindano, akatoboa.

Walisubiri. Nje mtu alikuwa anapitisha nyumbu. Doña Ubaldina aliendelea kuutazama ukuta, ameuma meno.

"Toboa basi, nesi," alisema. "Mimi si mtoto."

Tone la damu lilikuwa limeshasimama kwenye ncha ya kidole, jekundu, linangoja. Nidia aliinuka, akaushika ule mkono kwa chini, akausogeza taratibu mpaka mbele ya macho ya mama mkwe wake, ili alione tone la sindano ambayo kidole chake hakikuisikia.